Nani Atakaa na Kidoti

Siku Kidoti alipotoka getini peke yake alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane, na mguuni alikuwa na kiatu kimoja. Aliyemwona ni kinyozi wa mtaa. Alikuwa katikati ya kumnyoa mteja, upande mmoja wa kichwa umekwisha, wa pili bado. Akaiacha mashine inavuma mezani, akavuka barabara mbio na taulo begani. Alimkuta mtoto amesimama kando ya mtaro, anatazama pikipiki zinavyopita, hana habari na mtu.

Alimbeba mpaka nyumbani kwao. Bibi yake alikuwa amesinzia kwenye kiti cha plastiki mlangoni, ungo wa maharage uko mapajani, nusu yameshachambuliwa.

"Bibi," kinyozi alimwita taratibu. "Mjukuu wako huyu hapa."

Bibi alishtuka, ungo ukapinduka. Alimpokea mtoto, akampapasa miguu, mikono, kichwa, kama anayetafuta kilichopungua. Alipoona yuko mzima alikaa tena. Kisha akamwomba kinyozi jambo moja tu: asimwambie mama wa mtoto.

Kinyozi alikubali, na kwa siku mbili alijitahidi. Siku ya tatu, Mama Kidoti alipopita akitoka kazini, alimwita pembeni akamweleza yote, halafu naye akaomba lake: "Tafadhali, Bibi asijue kwamba nimekwambia."

Mama Kidoti alimshukuru, akaenda nyumbani. Alimkuta mama mkwe wake anamlisha mtoto uji, kijiko kwa kijiko, huku anamwimbia. Alisimama mlangoni muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Jumamosi yake alinunua komeo kubwa, akamwita fundi alifunge juu kabisa ya geti.

"Wezi wamezidi siku hizi," alimwambia Bibi.

"Wamezidi kweli," Bibi alijibu, na wote wawili wakatazama pembeni.

Mama Kidoti alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare za shule. Kazi yake ilikuwa kola. Mwenzake wa kushoto alileta shati lina mikono, yeye alitia kola, wa kulia alitia vifungo. Alifanya hivyo tangu saa moja na nusu asubuhi mpaka saa kumi jioni, na miaka sita ya kola ilikuwa imempa shingo ngumu na macho makali. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa, mtu wa kuonekana Jumamosi na kuondoka Jumatatu kabla jua halijapanda. Likizo ya uzazi ilipokwisha, mama yake mume alikuja na begi moja kuwasaidia "kidogo, mpaka mtoto achangamke." Mtoto alichangamka, akatambaa, akatembea, na begi likaendelea kukaa chini ya kitanda. Bibi alikuwa na miaka sitini na tisa. Hakuna aliyemwambia aendelee kukaa, wala aliyemwambia aondoke. Mambo yalijiendea tu.

Baada ya habari ile ya kinyozi, Mama Kidoti akawa kazini mwili, roho iko getini. Kola mbili alizitia kinyume kwa siku moja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Lakini angeanzia wapi? Kumwambia mama wa mumeo kwamba humwamini tena na mjukuu wake, hayo si maneno ya kuropoka tu. Na mwanamke mwenyewe alikuwa hana kosa ila uchovu.

Ndipo afisa wa ustawi wa jamii alipokuja kiwandani. Ilikuwa saa ya chakula, watu wamekaa kwenye mabenchi na sahani zao. Afisa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha ukumbi mzima, akasema hatawachosha, na kwa kweli alimaliza kabla chai haijapoa. Serikali imeanzisha ruzuku ya malezi, alisema. Mtoto wa chini ya miaka minne ambaye wazazi wake wako kazini atalipiwa robo tatu ya gharama. Mzazi ndiye anayechagua nani amlee. Kwenye fomu kuna visanduku vitatu: kituo cha kulelea watoto, mlezi wa nyumbani aliyesajiliwa, au ndugu. Ndugu naye atalipwa, ila lazima ahudhurie mafunzo ya siku tatu na nyumba ikaguliwe.

Mkata vitambaa, dada mmoja asiyejua kunong'ona, alinyoosha mkono. "Na mimi ninayetaka kukaa nyumbani na mwanangu mwenyewe, nalipwa?"

"Hapana," afisa alisema. "Hilo halimo."

"Kwa hiyo naweza kuchagua mtu yeyote ila mimi."

Ukumbi ulicheka. Afisa naye alitabasamu, kisha akasema kwa utulivu, "Swali lako nililiuliza mimi kabla yako, huko ofisini. Nimeliandika tena leo. Kwa sasa nagawa nilichonacho."

Mama Kidoti alichukua fomu yake, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba. Jioni alimpigia mumewe simu.

"Si Mama yupo?" mume alisema. Nyuma yake ulisikika mngurumo wa injini. "Weka tiki kwa ndugu. Hela inabaki nyumbani, mtoto anabaki nyumbani. Kuna la kuumiza kichwa hapo?"

"Ngoja kwanza niisome."

"Isome, halafu weka tiki."

Hakumbishia. Aliona kumweleza habari ya geti kwenye simu, mtu yuko barabarani na tani ishirini nyuma yake, si busara. Ndivyo alivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba alikuwa anaogopa.

Wiki ile alienda kuangalia. Alianza na kituo kilichokuwa ng'ambo ya kiwanda, alikokwenda wakati wa mapumziko. Kilikuwa kisafi, hawezi kukisingizia. Magodoro madogo yamepangwa mstari, kila moja na nambari, kila kikombe na nambari, vyoo vifupi vya watoto, walezi wanne kwa watoto arobaini. Lakini alipokuwa anaoneshwa jikoni alisikia mlezi akiita, "Kumi na nne, njoo unawe," na mtoto akaja. Labda ilikuwa utani wao. Labda mlezi alikuwa mgeni bado hajashika majina. Mkata vitambaa alimpeleka wake palepale na hakujuta hata siku moja. Mama Kidoti alishukuru, akatoka, na njia nzima ile nambari ilimkaa masikioni.

Siku ya pili, baada ya kazi, alienda kwa mwanamke waliyemwita Nesi, mitaa miwili kutoka kwake. Nesi alikuwa mhudumu wa zahanati aliyestaafu, na sebule yake ilikuwa haina makochi tena. Ilikuwa na mkeka mpana, kabati lenye kufuli na watoto watano. Ukutani karibu na mlango palibandikwa nambari za simu za wazazi kwa maandishi makubwa. Alimkuta amechutama anamkata kucha mtoto mmoja, na hakusimama. Alimwonesha mgeni pa kukaa kwa kidevu.

"Wako analala saa ngapi mchana?"

"Saa saba hivi. Nadhani."

"Analala kwa kubembelezwa au mwenyewe?"

Mama Kidoti alifikiri.

"Akianza homa, huonekana wapi kwanza? Maana kuna wanaoacha kula, kuna wanaokuwa wakali. Na anaogopa nini?"

"Kwa kweli," alisema, na uso ukamchoma kwa haya, "hayo ukamuulize bibi yake. Mimi huyu mtoto namjua wa jioni."

Nesi aliinua macho mara moja, akarudi kwenye kucha. "Wengi wenu mnamjua wa jioni. Si dhambi. Basi nitamuuliza bibi yake."

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Mama Kidoti aliitandaza fomu juu ya meza ya mashine, akaweka tiki kwenye kisanduku cha pili, akaandika jina la Nesi na nambari yake ya usajili. Mbele ya maneno "anayemlea mtoto kwa sasa" aliandika "bibi mzaa baba." Alisaini, akaipeleka ofisini mwenyewe. Alikuwa amepiga hesabu zake. Ofisi za serikali kila mtu anazijua. Kabla ya wiki tatu hakuna atakayeigusa ile karatasi. Jumapili mume akiwa nyumbani angekaa nao wote wawili, aseme kwa mpangilio, pole pole.

Afisa wa ustawi alibisha geti kesho yake saa nne asubuhi.

Bibi alivuta komeo kwa shida, akamkaribisha, akamtengenezea chai. Afisa aliuliza afya ya mtoto, akaangalia kadi ya kliniki, akaandika. Kisha akasema, "Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao mtoto anahamia kwa Nesi. Mmeshaongea kama familia?"

Bibi aliweka chini kikombe alichokuwa ameshika.

"Tumeongea," alisema.

"Na wewe unaridhika, mama?"

"Naridhika. Ongeza sukari, usione haya."

Afisa aliongeza sukari, akanywa, akaaga. Hakujua kabisa alichokuwa ameacha nyuma yake.

Mama Kidoti alirudi saa kumi na moja. Chakula kilikuwa tayari kimefunikwa, mtoto ameogeshwa, nyumba imefagiwa mpaka chini ya makabati. Alijua kuna jambo. Bibi akikasirika hupiga deki.

"Wageni wamekuja," Bibi alisema. "Mwanamke mfupi wa ofisini. Nimemwambia tumeongea."

Mama Kidoti aliweka mkoba chini. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda kilichokuwa sebuleni.

"Nisamehe, Mama. Nilitaka kusema Jumapili."

"Ulitaka kusema wakati neno limeshakwisha." Sauti ya Bibi haikupanda. "Mimi nimekosa nini kwako, mwanangu? Mtoto huyu nimemchukua ana miezi mitatu, shingo haijakaza. Kama kuna kosa, niambie mimi. Usiliambie karatasi."

Kidoti alikuwa kati yao anapanga vifuniko vya sufuria. Mama yake alimtazama yeye badala ya kumtazama Bibi, akasema, "Najua habari ya geti."

Kifuniko kimoja kilianguka, mtoto akakiokota.

"Kinyozi," Bibi alisema mwishowe.

"Usimlaumu. Alijitahidi siku mbili."

"Tangu lini unajua?"

"Mwezi wa pili huu."

"Mwezi wa pili." Bibi alitikisa kichwa. "Na mimi mwezi wa pili silali mchana. Nikiona usingizi unakuja nasimama, natembea na dodoki la kuoshea vyombo mkononi ili nisikae. Na wewe uko huko kiwandani unajua. Tumekaa humu ndani kama wezi wawili, kila mmoja anamficha mwenzake."

Mama Kidoti alianza kulia, bila sauti, kama mtu anayetokwa jasho. Bibi alimwacha alie. Baada ya muda alisogeza kiti chake cha plastiki, akakaa karibu naye.

"Nimechoka," alisema. "Magoti haya hayawezi tena kumfuata mtoto anayekimbia. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize kama bado naweza. Mwanangu wa kiume haulizi, yeye anadhani mimi nimeumbwa kwa chuma cha lori lake. Nikasema huyu mke wake ataniuliza, yeye ana akili. Wewe nawe ukaenda ukaulizia mtaa wa pili."

"Ningeulizaje, Mama? Ningeonekana nakufukuza."

"Ungeuliza kama unavyouliza chumvi iko wapi."

Mama Kidoti alicheka katikati ya machozi, na Bibi naye akacheka kidogo, ingawa bado alikuwa na hasira. Hasira yake ilidumu siku nne. Ilikuwa hasira ya haki, hakuna aliyemharakisha.

Jumamosi mume alirudi. Aliambiwa yote wakati wa chakula, na mkewe ndiye aliyesema, bila kuruka geti, bila kuruka kinyozi. Mume alisukuma sahani.

"Kwa hiyo unamchukua mtoto wangu unampa mtu baki, na mama yangu mzazi amekaa hapa. Watu watasemaje? Kwamba nimeshindwa kumtunza, au kwamba mke wangu hapatani naye?"

"Watu gani?" mkewe aliuliza. "Nitajie mmoja aliyewahi kumshikia Kidoti nikaenda hata dukani."

"Mimi nilikwambia uweke tiki wapi?"

"Uliniambia ukiwa kilomita mia nne kutoka hapa."

Alifungua mdomo kujibu, lakini mama yake alimwahi.

"Baba," alimwambia, kama alivyomwita tangu utotoni kwa kuwa alirithi jina la babu yake, "ulipokuwa na miaka miwili nilikuwa na miaka ishirini na nane. Nilikukimbilia, nikakudaka. Sasa nina sitini na tisa. Mwanao alitoka nje nikiwa nimelala. Gari lingemgonga, leo tungekuwa tunaongea nini hapa?"

Mume aliinamisha kichwa.

"Basi tafuteni msichana wa kazi," alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Msichana naye ni mtoto wa mtu," Bibi alisema. "Mnataka anilelee mjukuu wakati yeye mwenyewe alitakiwa awe darasani. Hapana. Fomu imeshaandikwa. Lakini huyo Nesi sijamwona. Jumatatu nakwenda kumkagua mimi."

"Afisa ameshamkagua," Mama Kidoti alisema.

"Afisa hajui Kidoti anapanda wapi."

Jumatatu alikwenda, na mjukuu mkononi. Alikaa kwa Nesi tangu saa tatu mpaka saa sita. Alimjibu maswali yote: mtoto hulala kwa kukunwa mgongo, homa yake huanzia kwenye ukali, na anachoogopa ni sauti ya mashine ya kusaga. Alionja uji. Alifungua kabati, akaomba lifungwe tena mbele yake ili aone ufunguo unawekwa wapi. Kisha akamwachia mjukuu mkono ili aone ataelekea upande gani. Kidoti hakupoteza muda. Alipita watoto wenzake, akapita jikoni, akatokea uani, na alipofika kwenye pipa la maji alianza kulipanda kwa kukanyaga tofali lililokuwa pembeni. Pipa lilikuwa na sahani ya bati juu, imewekwa tu.

Nesi alimfikia kabla ya Bibi. Alimshusha, akabaki ameshika lile tofali.

"Miaka mitatu sahani hii iko hapa," alisema. "Wakaguzi wawili wameipita."

"Hawakuja na Kidoti," Bibi alisema. "Mtoto hatakuja mpaka pipa liwe na mfuniko wa kufunga."

Mwingine angenuna. Nesi alimwita fundi siku ileile, akamkalisha mpaka akamaliza. Jioni alipita getini kwao kusema kazi imekwisha, na Bibi, ambaye magoti yalikuwa yanamuuma kwa matembezi ya asubuhi, aliinuka akaenda tena kuhakikisha kwa mkono wake. Tangu siku hiyo wale wawili walielewana vizuri sana, na mama wa mtoto akawa wa mwisho kupata habari zozote.

Kidoti alianza mwezi uliofuata. Wiki ya kwanza alilia kila asubuhi, na Mama Kidoti alifika kwenye mashine yake macho mekundu. Mkata vitambaa alimwambia, "Hulia dakika tano. Wewe ndiye unayelia mpaka saa nne." Wiki ya tatu mtoto aliacha kulia. Ruzuku yenyewe ilichelewa. Ilitakiwa ilipwe mwisho wa mwezi, ikafika katikati ya mwezi wa pili, na Nesi alilazimika kuwalisha watoto kwa pensheni yake mpaka hapo. Alikwenda ofisini akamwambia afisa mfupi kwamba serikali ikichelewa yeye anaweza kuvumilia, tumbo la mtoto haliwezi. Afisa hakujitetea. Aliandika barua, na miezi iliyofuata malipo yalikuja kwa wakati, isipokuwa mmoja.

Bibi alivuta begi lake kutoka chini ya kitanda, akaenda kwa mdogo wake aliyekuwa hajamwona tangu Kidoti azaliwe. Alisema wiki mbili, akakaa miezi miwili. Nyumba ilikuwa kimya bila yeye. Mama Kidoti alijikuta anapika kingi mno, na mume, siku alizokuwepo, alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, hajui aongee na nani. Asubuhi za Jumatatu alianza kuchelewesha safari kwa nusu saa ili ampeleke mtoto kwa Nesi mwenyewe. Alimfunga nywele vibaya, upande mmoja juu, upande mmoja chini, na hakukubali kusaidiwa.

Mara kwa mara Bibi alipiga simu. Aliuliza kama mtoto anakula, kama Nesi bado anafunga kabati, kama mkwe wake anaipumzisha ile shingo. Hakuuliza kama wanamhitaji.

Aliporudi alikuwa amenenepa kidogo na amepata fimbo nzuri ya kutembelea. Aliwasubiri wote wawili wakae, akasema amefikiri.

"Jumatano na Ijumaa nitamchukua Kidoti mimi, saa tisa, baada ya kulala. Nitakaa naye mpaka mrudi. Siku nyingine msinitegemee, nina mambo yangu."

"Mambo gani, Mama?" mwanawe aliuliza.

"Hayo siyo ya kuandikwa kwenye fomu."

Mama Kidoti alikwenda ofisini kuuliza kama inaruhusiwa mtoto kuchukuliwa mapema siku mbili kwa wiki, na nani anaruhusiwa kumchukua. Afisa aliitoa fomu yake kwenye faili, akaitazama juu na chini, akasema nafasi ya maelezo hayo haipo. Kisha akageuza karatasi, akayaandika nyuma kwa kalamu ya bluu, akagonga muhuri.